Kaka Anataka Kuvunja Chumba cha Giza cha Marehemu Baba

MUULIZE MJOMBA

Kamwene Mjomba, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, naishi Iringa mjini na nimeajiriwa kama msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari. Marehemu baba yetu alikuwa mpiga picha. Studio yake ina vyumba viwili: cha mbele kinachotazama barabara, na cha nyuma kisicho na dirisha, ambako alikuwa akisafisha mikanda na kuprinti picha nyeusi na nyeupe kwa mkono. Picha za rangi zilipoingia, mikanda ya wateja aliipeleka kwa wenye mashine, lakini chumba cha nyuma hakukifunga. Mpaka anapatwa na kiharusi bado alikuwa anawaprintia watu picha zao za zamani. Alifariki mwaka juzi.

Katika watoto wanne, mimi ndiye niliyekuwa naingia naye mle ndani tangu nikiwa shule ya msingi. Kupakia mkanda gizani, kutikisa dawa, kuhesabu sekunde chini ya taa nyekundu, vyote najua. Vitu vipo kama alivyoviacha: mashine ya kukuzia, trei, kamera ya Yashica-Mat inayokula mkanda mpana wa 120, Zenit moja ya mkanda wa kawaida, chupa za dawa, maboksi ya karatasi ambayo mengine hayajafunguliwa, na maboksi ya viatu yaliyojaa negativu. Kila bahasha ina namba, na namba ziko kwenye daftari lake.

Kaka yetu mkubwa anataka ukuta uvunjwe, viwe chumba kimoja, apangishe kwa mtu wa uwakala wa pesa za simu. Anasema nang'ang'ania kitu ambacho dunia imeshakiacha. Alinionyesha kwenye simu habari kuwa Kodak wamefilisika. Nilipokwenda Dar niliuliza kwenye duka moja la vifaa vya picha, muuzaji akacheka: "Dada, mikanda iliisha zamani, hata kiwandani haitoki."

Lakini watu bado wanagonga mlango. Hivi karibuni amekuja mama kutoka Ifunda. Mumewe amefariki na hana picha yake ya ujana, ila anakumbuka walipiga ya harusi kwa baba. Negativu nimeiona. Kuprinti ndiyo nashindwa, sijui hizo karatasi bado nzima. Wanachuo nao wameniuliza kama naweza kuwapiga picha za kizamani za mahafali, wako tayari kulipa.

Kikao cha familia ni mwisho wa mwezi, baba mdogo anakuja kutoka Mafinga. Je, ni kweli vitu hivi havitengenezwi tena? Kama vipo, navipataje nikiwa huku? Na nimwambie nini kaka bila kuonekana nataka kujimilikisha mali ya baba?

Mwenye Funguo, Iringa

MJOMBA ANAJIBU

Kamwene mpwa wangu, marahaba. Pole na msiba, na pole kwa kubebeshwa funguo.

Nianze na kaka yako kwa sababu kikao kimekaribia. Habari aliyokuonyesha ni ya kweli, ila imelala. Kodak waliomba kinga ya mufilisi Januari 2012, na mwaka 2013 wakatoka humo. Mikanda yao ya nyeusi na nyeupe, Tri-X na T-Max, bado inatoka Rochester, Marekani. Mwaka 2018 waliurudisha hata mmoja waliokuwa wameuacha, T-Max P3200. Walichoacha moja kwa moja ni karatasi za picha nyeusi na nyeupe, na hizo walizisimamisha mwaka 2005. Kama baba yako alikuwa mtu wa karatasi za Kodak, basi kwake kweli ziliisha, na nadhani huko ndiko uvumi wa mtaani ulikoanzia.

Miaka ile ilitisha. Mwaka 2004 Ilford wa Uingereza waliingia mikononi mwa wafilisi. Mwaka 2005 AgfaPhoto wa Ujerumani wakaanguka. Yeyote aliyekuwa na studio aliona mwisho umefika, na wengi huku kwetu waliuza mashine zao kwa bei ya chuma chakavu. Habari za kuanguka zilifika mpaka Tunduma. Zile za kuinuka hazikumfikia mtu, kwa sababu wakati huo kila mmoja alikuwa ameshanunua kamera ya dijitali.

Ilford walinunuliwa na mameneja wake wenyewe mwaka 2005, wakaanzisha kampuni iitwayo Harman, na kiwanda kiko pale pale Mobberley. Wanatengeneza mikanda ya HP5 Plus, FP4 Plus, Delta, na ya bei nafuu iitwayo Kentmere. Wanatengeneza karatasi za Multigrade, na dawa zake zote. Huko Ucheki kuna Foma, kiwanda cha tangu 1921 katika mji wa Hradec Králové, wenye mikanda ya Fomapan na karatasi zao wenyewe. Ujerumani wapo Adox, waliookota sehemu ya yale yaliyobaki baada ya Agfa kuanguka. China kuna mkanda wa Shanghai GP3, unaopatikana kwa saizi ya 120 ya hiyo Yashica yako. Fujifilm wa Japani waliufuta mkanda wa Acros mwaka 2018, wapiga picha wakalalamika, mwaka uliofuata ukarudi kwa jina la Acros II.

Kwa hiyo muuzaji wa Dar alikwambia habari za rafu zake, akadhani ni habari za dunia.

Na usishangae kwamba cha kizamani zaidi ndicho kimebaki. Mkanda wa rangi unataka dawa zikae kwenye nyuzi karibu 38 bila kuyumba, na picha zake zilikuwa zinatoka kwenye zile mashine kubwa za studio za mjini, ambazo zikifa hazina spea wala fundi. Mkanda mweusi na mweupe unataka giza, maji, dawa tatu na mtu anayejua kuhesabu dakika. Kwa nyuzi 20 unasafishika vizuri kabisa. Mwenzako wa Dar anahangaika na barafu kuyapoza maji. Wewe Iringa yanatoka bombani yakiwa karibu tayari, na Juni na Julai shida yako itakuwa kuyapasha. Hapo uwe mwangalifu. Maji yakiwa baridi sana hidrokwinoni iliyomo kwenye dawa huzubaa, picha zinatoka hafifu, na mtu analaumu mkanda bure. Weka chupa ya dawa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, pima kwa kipimajoto, halafu uanze.

Sasa maboksi ya karatasi, maana hapo ndipo pa kukuokolea fedha. Usitupe na usiamini tarehe ya kwenye boksi, wala usiamini mtu anayesema zimeharibika bila kuzijaribu. Ingia chumba cha giza, washa taa nyekundu tu, toa karatasi moja kutoka katikati ya boksi, si ya juu, ukate vipande viwili. Usiimulike kwa mashine. Kipande cha kwanza kitie moja kwa moja kwenye fiksa, dawa ya kuikaza picha isibadilike tena ikiona mwanga. Cha pili kitie kwenye dawa ya kusafishia kwa dakika mbili, halafu nacho kiende kwenye fiksa. Suuza, toka navyo nje, viweke ubavu kwa ubavu juani. Kikiwa cha pili ni cheupe sawa na cha kwanza, karatasi nzima, mprintie mama wa Ifunda. Kikiwa na kijivu chepesi, bado unaweza kuitumia kwa kuongeza benzotriazoli, kemikali ya kuzuia ukijivu huo, kidogo sana kwenye dawa, au kwa picha ambazo weupe mkali si lazima. Kikiwa kama moshi, boksi hilo limekwisha, watoto wachoree. Rudia kwa kila boksi, kwa sababu lililokaa chini karibu na sakafu na lililokaa juu chini ya bati hayazeeki sawa, hata kama yalinunuliwa siku moja.

Chupa za dawa ni rahisi zaidi. Iliyogeuka rangi ya chai ya rangi, mwaga. Kuna moja tu ninayoitetea: Rodinal, dawa ya Agfa iliyopewa hataza mwaka 1891 na ambayo Adox wanaitengeneza mpaka leo. Hiyo huwa nyeusi kama kahawa na bado ikafanya kazi. Unga ambao haujafunguliwa na pakiti zake hazijaingia unyevu, ujaribu. Chumvi ya fiksa kavu nayo inadumu sana.

Na hapa, mpwa wangu, kazi yako ya maabara inanifurahisha. Wengine lazima waagize dawa kiwandani. Wewe unajua kushika mizani. Dawa ya mkanda iitwayo D-76, ambayo Ilford wanaiita ID-11, fomula yake si siri ya mtu: kwa lita moja ya maji ni metoli gramu 2, sodiamu sulfaiti gramu 100, hidrokwinoni gramu 5 na boraksi gramu 2. Tanguliza sulfaiti chembe tu, halafu metoli, ndipo sulfaiti yote na vingine vifuate, kwa maji ya moto yasiyochemka. Dawa ya karatasi ni nyingine, kali zaidi, yenye sodiamu kaboneti badala ya boraksi na potasiamu bromaidi kidogo. Fiksa ni sodiamu thayosalfeti. Wauzaji wa kemikali za maabara Dar ndio wa kuwaulizia, na vingine kati ya hivyo ni vitu vya kawaida kwao. Dawa ya kusimamishia, ile inayozuia dawa ya kusafishia isiendelee kufanya kazi, usinunue kabisa: siki nyeupe ya dukani, sehemu moja kwa maji sehemu nne, inatosha. Nakuonya mambo mawili. Vaa glavu, metoli inawaletea watu upele unaokaa mikononi kwa muda mrefu. Na kemikali za shule ziache shuleni, hata gramu mbili, kwa maana mkuu wa shule hatajali kwamba ulikuwa unaokoa urithi wa taifa.

Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake, madini yenyewe, si shilingi. Usiimwage kwenye karo wala kwenye mtaro unaokwenda Ruaha Mdogo. Ikusanye kwenye ndoo ya plastiki, tumbukiza stili waya ya kusugulia sufuria, iache siku kadhaa. Chuma kitaliwa, fedha itashuka chini kama matope meusi. Wewe wa maabara unajua kwa nini.

Mikanda na karatasi itabidi viagizwe nje, hapo sikufichi. Kwa hiyo hesabu zako zianzie kwenye bei kamili: bei ya mkanda, usafiri, ushuru na kodi. Ulizia TRA kabla ya kuagiza, si boksi likiwa limeshakaa posta. Kisha ugawanye. Mkanda wa kawaida unatoa picha 36, wa 120 kwenye Yashica unatoa 12 tu, hivyo picha ya mahafali uliyopiga kwa Yashica gharama yake ya mkanda ni ya kugawa kwa 12. Karatasi nunua boksi la inchi 8 kwa 10 lenye 100, ukate kila moja vipande vinne chini ya taa nyekundu, upate picha 400 za saizi ya kuweka kwenye albamu. Ukimaliza hesabu hiyo utaona mwenyewe kwamba hushindani na mtu wa pasipoti saizi wa stendi. Usijaribu. Mwanachuo anayetaka picha ya kizamani anataka moja au mbili za kutunza, iliyotoka mkononi mwa mtu, na hiyo ina bei yake. Chukua nusu ya malipo kabla, na agiza mkanda kwa oda ulizonazo, si kwa oda unazoziota.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kununua karatasi: mashine ya baba ina sehemu ya kuweka vichujio vya rangi? Multigrade inabadilisha ukali wa picha kwa vichujio vya njano na zambarau. Baba yako huenda alikuwa anatumia karatasi za gredi, ambazo kila boksi lina ukali wake mmoja, namba 2 kwa negativu nzuri, namba 3 kwa iliyofifia. Kama mashine haina pa kuweka kichujio, Foma bado wanatengeneza karatasi za gredi, utafanya kazi kama ulivyofundishwa.

Lakini mimi ningekuwa kwenye kikao hicho, nisingetumia muda wangu kutetea mikanda. Ningeweka mezani lile daftari.

Mikanda unaweza kuagiza leo au mwakani. Negativu zilizo kwenye maboksi ya viatu hakuna kiwanda kinachozitengeneza. Humo kuna harusi za Ifunda, ubatizo wa Tosamaganga, vijana waliokuja kupiga picha ya kwanza ya kitambulisho cha kazi, wazee ambao wajukuu zao hawajawahi kuiona sura yao. Pale Bamako, Mali, Seydou Keïta alipiga picha studio kuanzia 1948 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 60, akahifadhi negativu. Miaka ya 90 zikaonyeshwa Ulaya na jina lake likajulikana duniani. Si lazima yafike huko. Capital Art Studio ya Zanzibar ilianza 1930, na watu wamekuwa wakinunua hapo picha zilizotoka kwenye mikanda ya zamani ya Mji Mkongwe. Nyinyi mna kitu cha aina hiyo cha Iringa, kimeandikwa namba na tarehe kwa mkono wa aliyekipiga. Studio nyingi zilikuwa na negativu. Zenye daftari lililolingana nazo ni chache sana. Nenda pale Boma, kwenye makumbusho ya mkoa, uwaulize kama wangependa kuona. Usiwape kitu siku hiyo, uliza tu, ili kikaoni uwe na jibu la mtu wa nje.

Kabla ya kikao pia uyatoe maboksi hayo sakafuni. Mchwa hawasubiri mirathi. Fungua bahasha kadhaa unuse: zikitoa harufu kali ya siki, plastiki ya mkanda imeanza kuoza, hizo zitenge na nyingine na uzishughulikie kwanza. Usizihamishie kwenye mifuko ya nailoni, karatasi kavu ni bora. Na picha za watu usizirushe kwenye makundi ya WhatsApp ili kuonyesha mali uliyo nayo. Mtu anaweza kukutana na mama yake marehemu kwenye simu ya jirani, nawe ukageuka mwizi.

Kwa kaka yako mimi simuoni kama adui. Anaona chumba kinachotazama barabara kimefungwa tangu mwaka juzi na pango halijaingia, na hapo ana haki. Mtu wa uwakala anataka chumba cha mbele: barabara, dirisha, kufuli. Chumba kisicho na dirisha atakifanyia nini zaidi ya kuweka makreti? Pendekeza chumba cha mbele kipangishwe, pango ligawanywe kwa watoto wote wanne, na cha nyuma ukilipie wewe pango dogo mtakalokubaliana, liandikwe, baba mdogo ashuhudie. Negativu zibaki mali ya familia na wewe uwe mtunzaji. Kila picha inayoprintiwa kutoka humo ina fungu la familia. Ukianza na sentensi hiyo ya pango, suala la kujimilikisha litakosa pa kukaa. Kama mlango wa chumba cha nyuma unapitia cha mbele, utoboe mwingine wa uani kabla mpangaji hajaingia, maana mtu wa uwakala hatakuruhusu upite na ndoo za maji nyuma ya droo lake la fedha, nami simlaumu.

Mama wa Ifunda asisubiri karatasi. Chukua simu, fungua ukurasa mweupe mtupu, mwanga mpaka mwisho. Inua negativu sentimita chache juu ya kioo, isigusane nacho, vinginevyo vidoti vya kioo vitaonekana. Ipige kwa simu nyingine kwa karibu, halafu tumia programu yoyote ya kuhariri picha kugeuza weusi kuwa weupe. Picha hiyo itamtosha kwa arobaini. Ile ya karatasi utampa baadaye, ikishakauka vizuri.

Ukipata mtu wa kukuletea mkanda kutoka nje, mwambie aubebe mkononi na aombe ukaguliwe kwa mkono, asiupitishe kwenye mashine mpya za kukagua mizigo uwanjani, zinauchoma. Dawa za maji asibebe kabisa. Ya unga inatosha. Ukiagiza karatasi kwa posta, mwombe muuzaji aandike nje ya boksi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa: KARATASI ZA PICHA, USIFUNGUE KWENYE MWANGA. Afisa wa forodha ana haki ya kukagua, ila akichana ule mfuko mweusi chini ya taa za ofisi, karatasi zote 100 zimekwisha na ushuru utalipa vilevile. Kutoka Dar kuja Iringa basi linafaa. Mpe kondakta akuwekee juu, ndani, isiwe kwenye buti upande wa injini.